Mkopo wa asilimia 10: rejesho la kwanza lifuate biashara

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie mikopo ya halmashauri kwa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu.

Kifungu cha 37A cha Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa, Sura ya 290, kilichoongezwa mwaka 2018, kinaitaka kila halmashauri itenge asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo hiyo: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mkopo hauna riba. Ni sheria nzuri, maana mama lishe asiye na hati ya nyumba hawezi kupata masharti kama hayo benki. Mikopo ilisimamishwa Aprili 2023, ikarejea 2024, na tangu hapo mjadala umekuwa juu ya vikundi hewa na madeni sugu yaliyoibuliwa na ripoti za CAG, yaani Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali. Vikundi hewa ni kazi ya TAKUKURU, taasisi ya kupambana na rushwa. Mimi nasemea vikundi vya kweli ambavyo navyo vinashindwa kulipa. Sababu mojawapo kubwa iko kwenye mkataba: ratiba ya marejesho mara nyingi hupangwa kwa mtindo mmoja, iwe kikundi kinanunua bodaboda au kinafuga kuku wa mayai.

Bodaboda huingiza hela siku ileile inapotoka dukani. Kuku wa mayai hutaga kuanzia wiki ya 18 hadi 20, na hufikia kilele wiki kadhaa baadaye. Hadi kuanza kutaga, kila kuku amekula kilo 7 hadi 8 za chakula. Kwa kuku 300, hiyo ni mifuko 42 hadi 48 ya kilo 50, na bado hakuna hata yai moja sokoni. Wakishaanza kutaga wanakula karibu kilo 35 kwa siku, yaani mfuko haumalizi siku mbili.

Sasa kikundi hicho kikitakiwa kuanza kurejesha mwezi wa tatu tangu kupokea mkopo, hela itatoka wapi? Hutoka kwenye fungu la chakula. Mfugaji anapunguza kipimo, au anachanganya pumba nyingi na kupunguza dagaa na mashudu. Kuku wanadumaa, utagaji unachelewa hata mwezi mzima, na wanaokuja kutaga wanatoa mayai machache. Wengine huuza mitemba, yaani kuku wachanga ambao bado hawajaanza kutaga, kwa bei ya hasara ili kupata rejesho la pili. Ikifika wiki ya 25, wakati banda lilipaswa kutoa trei 8 au 9 kwa siku, nusu ya kuku hawapo tena. Afisa maendeleo ya jamii akija kufuatilia deni anakuta banda tupu, na kikundi kinaandikwa kuwa wakopaji wasio waaminifu.

Kwa hiyo naiomba TAMISEMI, ofisi inayosimamia serikali za mitaa, katika kanuni za mikopo hii, iweke wazi kwamba tarehe ya rejesho la kwanza itatokana na tarehe ya mauzo ya kwanza iliyoandikwa kwenye andiko la mradi na kuthibitishwa na afisa mifugo au afisa kilimo wa kata, au afisa biashara wa halmashauri. Kwa kuku wa mayai iwe mwezi wa saba tangu kupokea mkopo. Kwa kuku wa nyama, wanaouzwa wiki ya 5 au 6, mwezi wa tatu unatosha kabisa.

La pili, mkopo wa aina hii utolewe kwa awamu mbili ndani ya mkataba mmoja. Awamu ya kwanza ilipie banda, vifaranga, chanjo na chakula cha wiki 8. Ya pili itoke afisa mifugo akishahesabu kuku walio hai. Isirudishwe kwenye kamati upya, kwa sababu saini zikisubiriwa mwezi mzima kuku watakuwa wamekufa njaa.

Kwa vikundi vinavyoandaa maombi sasa: usajili, katiba, akaunti ya benki ya kikundi na namba za NIDA ni lazima, lakini havilishi kuku. Kabla ya kusaini, tazameni tarehe ya rejesho la kwanza, muiweke sambamba na kalenda ya mradi wenu, na kama hazilingani ombeni kwa maandishi ibadilishwe. Kwenye bajeti msisahau chanjo ya kideri siku ya 7 na ya gumboro siku ya 14, mkaa wa kulelea vifaranga, na akiba ya chakula ya walau wiki 3 baada ya yai la kwanza, kwa sababu wanunuzi wa jumla wengi huchukua mayai kwa mali kauli. Na msigawane hela. Mkopo wa kuku 300 ukigawanywa kwa watu watano, kila mmoja anabaki na kuku 60 na banda lake, chanjo inayouzwa kwa chupa ya dozi mamia inamwagwa, na hakuna anayepata bei ya jumla ya chakula.

Mkufunzi wa vikundi vya wajasiriamali,
Morogoro