Watunzi, wimbo wa UKIMWI haujafika mwisho

Ndugu Mhariri,

Jumapili iliyopita nilikuwa kwenye daladala natoka Gongo la Mboto, redio inapiga bongo fleva za zamani. Ikaingia "Alikufa kwa Ngoma" ya Mwanafalsafa, wimbo wa mtu aliyekufa kwa UKIMWI. Abiria wakaitikia, konda naye akaongeza sauti. Kiti cha mbele yangu alikaa kijana ninayemfahamu tangu akibebwa mgongoni na mama yake (nimebadilisha mambo mawili matatu ili asijulikane). Alizaliwa na virusi vya UKIMWI. Anameza dawa yake kila siku saa mbili usiku, na majibu yake ya mwisho yalionyesha virusi havigunduliki. Aliinama mpaka kichwa kikagusa magoti, mikono masikioni. Akashukia kituo ambacho si chake.

Mimi ni muuguzi mstaafu. Nimeuguza watu hapa Dar es Salaam tangu 1988 hadi 2019, na miaka 14 ya mwisho nilikuwa CTC, kliniki ya matunzo na tiba kwa wenye virusi. Siandiki kuwalaumu wasanii, maana najua walichotufanyia. Nilipoanza kazi, wagonjwa wa kwanza nchini walikuwa wamegunduliwa Kagera miaka mitano tu nyuma, mwaka 1983, na kule watu waliuita ugonjwa huo Juliana. Kondomu haikutamkwa mbele ya wakubwa. Mwaka 1990 mwanamuziki Remmy Ongala akaitamka kwenye wimbo wake kwa jina la soksi. Redio Tanzania ikaukataa wimbo, lakini watu wakaujua hivyo hivyo. Walimwita Dokta Remmy, na kwa hilo mimi nasema alistahili: vijana walikuja dirishani kwetu wakaomba "soksi" bila kuinamisha macho.

Baadaye wakaja Mwanafalsafa, na Ferooz akiwa na Profesa Jay kwenye "Starehe". Nao walisema kweli ya siku zile, kwamba ukiupata, safari imeisha.

Lakini Oktoba 2004 serikali ilianza kutoa bure ARV, dawa za kufubaza virusi, na hapo ndipo nyimbo na kliniki zilipoachana njia. Mwaka 2006 nilimpa binti mmoja majibu yake. Hakulia. Alikunja ile karatasi mara nne, akaitia ndani ya khanga, akaniuliza, "Sista, nina miezi mingapi?" Nikamweleza habari ya dawa, kidonge asubuhi na jioni, saa ile ile. Akanijibu, "Sasa zinasaidia nini, na wimbo unasema mtu anakufa?" Alirudi baada ya miezi saba, amebebwa. Namshukuru Mungu tuliwahi. Leo ana watoto wawili aliowazaa baada ya hapo, wote hawana virusi. Wengine waliouliza swali lile lile hawakurudi kabisa, na hao ndio wanaonikosesha usingizi mpaka leo nikiwa nyumbani.

Nani ameimba habari ya binti yule? Siku hizi dozi ya wengi ni kidonge kimoja kwa siku. Virusi huingia kwenye seli zinazoulinda mwili na kujizalisha humo. Dawa inavizuia visizaliane. Haivimalizi, ndiyo maana ukitupa dawa vinarudi. Ukimeza vizuri hadi vipimo visivione, huwezi kumwambukiza mwenzako kwa ngono. Jambo kubwa namna hii bado lipo kwenye mabango ya ukutani kliniki, kwa Kiswahili cha semina, wakati kifo kina kiitikio ambacho daladala zima linakijua.

Dokta wa kwenye nyimbo za siku hizi ni mpenzi anayetibu moyo, sindano yake ni ile mnayoijua. Sina ugomvi nayo, watu waburudike. Ila Profesa Jay mwenyewe alilazwa Muhimbili mwaka 2022 kwa maradhi mengine, akaugua sana, na alipotoka akatoa wimbo "Siku 462". Huyo ni mtu aliyerudi kutoka wodini akaimba kwamba amerudi. Basi inawezekana.

Siombi nyimbo za zamani zifungiwe. Yaliyompata Remmy yasimpate mwingine. Nawaomba watangazaji, mkishaupiga wimbo wa namna hiyo, semeni neno moja tu kabla ya tangazo: kwamba hiyo ilikuwa kabla ya dawa, na dawa zipo, bure. Sekunde kumi zinatosha. Na nawaomba hao waliotunga wakiwa vijana, ambao sasa ni watu wazima wenye watoto, watunge ubeti unaofuata. Mtunzi yeyote anayetaka kujua jinsi kliniki ilivyo, foleni ya alfajiri, kadi inayofichwa ndani ya sidiria, kopo la vidonge linalotiwa pamba lisilie mkobani, anitafute kupitia gazeti lenu. Nitakaa naye hata siku nzima, na chai nitapika.

Muuguzi mstaafu,
Ukonga, Dar es Salaam