Mashine ya kupandisha mizigo isikodishwe bila kamba yake

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua niseme na wafanyabiashara wenzangu wa vifaa vya ujenzi, pamoja na wenye majengo ya Kariakoo na Upanga wanaotupa kazi. Nina duka la kukodisha vifaa hapa Gerezani: ngazi, jenereta, majukwaa ya chuma, mashine za kuchanganyia zege, na sasa mashine ya betri ya kupandishia mizigo kwa kamba.

Kwa asiyeijua, ni mashine ndogo ambayo mtu mmoja anaibeba. Kamba inapita ndani yake, gurudumu lenye mifereji linaibana na kuivuta. Ukiifunga juu ya jengo, inavuta mzigo kutoka chini. Ukifunga kamba juu badala yake, mashine inaipanda yenyewe na mzigo wake. Haina ngoma ya waya kama winchi tuliyoizoea, kwa hiyo jengo liwe na ghorofa nne au kumi, inafika, ilimradi kamba inatosha. Kwenye mitaa ambayo kreni haina hata pa kugeuzia, imetuokoa sana, na sitaki barua hii isomeke kama naipiga vita.

Shida yangu inaanzia kaunta. Anakuja kijana, na ni wengi wa namna yake:

“Shikamoo mama. Naomba ile mashine ya kupandisha. Kamba ninayo.”

“Marahaba. Kamba gani, mwanangu?”

Ananionesha bunda la manila ya bluu, ile ya plastiki ya kufungia mizigo kwenye guta. Nikimwambia haifai, anacheka: kamba si kamba tu, mama?

Hapana. Mashine niliyonayo inataka kamba ya milimita 11, yenye kiini ndani na ala iliyosukwa nje, isiyovutika ovyo. Gurudumu limechongwa kwa unene huo. Ukiweka nyembamba inateleza, ukiweka nene inakwama au inachunwa. Manila ile ya plastiki, hata ikiwa na unene sawa, ni laini kwa nje na inayeyuka kwenye joto la nyuzi 160 hivi, na mzigo mzito unaposhushwa kwa kasi, msuguano unapasha moto gurudumu na kamba pamoja. Iliyoanikwa juani miezi kadhaa ndiyo mbaya zaidi, maana jua linaila huku kwa macho bado inaonekana nzima. Hata kamba nzuri ikijaa tope la masika au mchanga, nguvu ya kubana inapungua. Ndiyo maana kamba zangu zinarudi dukani, zinaoshwa kwa maji matupu na kukaushwa kivulini, na nazipitisha mkononi zote kutafuta palipolegea au palipovimba. Wafanyakazi wangu wanalalamika kwamba nawachelewesha kufunga duka. Walalamike.

Tukikubaliana kwenye kamba, swali linalofuata ni inafungwa wapi, na hapa ndipo nagombana na watu wazima wenzangu. Mafundi wengi hupenda mashine ikae chini, kamba ipande hadi kwenye kapi juu ya paa, kisha ishuke kuchukua mzigo. Ni rahisi, mwendeshaji hapandi ngazi. Lakini kapi lile halibebi kilo za mzigo peke yake. Upande mmoja unavutwa na mzigo, upande wa pili unavutwa na mashine. Kiyoyozi cha kilo 100 kinaibebesha sehemu ya kufungia kule juu kilo 200 na zaidi kidogo, na mashine ikianza kwa kushtua zinaongezeka tena. Sasa fikiria hiyo sehemu ni bomba la maji linalokwenda kwenye simtanki, au tofali la ukingo wa paa. Nimeyaona yote mawili, na aliyefunga alikuwa amehesabu kilo 100.

Zamani kiyoyozi kama hicho kilivutwa na vijana kwa mikono. Kikinasa chini ya balkoni, walisikia mikononi wakaacha. Mota haisikii. Inaendelea kuvuta hadi kizuizi chake cha uzito kiikatize, na kama sehemu ya juu ni dhaifu kuliko kizuizi hicho, itang'oka kwanza. Kwa hiyo lazima awepo mtu ambaye kazi yake ni kuutazama mzigo tu, asishike kitu kingine, na mwenye batani asimamishe mashine palepale akisikia “simama”, hata ikitamkwa na muuza maji. Mwingine ashike kamba ya kuongozea ili mzigo usigonge ukuta, asiizungushe mkononi. Kamba isipite moja kwa moja kwenye ukingo wa zege; wekeni kigurudumu cha kuilinda, au basi turubai nene. Na mkia wa kamba ufungwe fundo lenye umbo la namba nane mwishoni, usije ukapita wote kwenye mashine wakati wa kushusha.

Betri sitaisemea sana. Ijae kabla ya kuanza, na wenzo wa kushushia kwa mkono ujaribiwe mzigo ukiwa nusu mita tu kutoka chini.

Kuna jingine ambalo halina mjadala: saidia fundi kupanda juu ya mzigo “asiupoteze njiani”. Mashine nyingine zimetengenezwa kupandisha mtu kweli, lakini mtu huyo huvaa mkanda wa mwili mzima na kufungwa kwenye kamba ya pili, inayojitegemea, yenye kifaa kinachodaka akianguka. Kamba moja na viatu juu ya kreti havimo humo.

Na chini je? Utepe wa njano Mtaa wa Kongo saa nne asubuhi ni pambo. Watu wanauinua na kupita, wenye mikokoteni wanaukata, na siwalaumu, njia ni yao. Wateja wangu nawaambia wapandishe alfajiri ya Jumapili, waweke watu wa kuzuia pande zote mbili, na wamlipe mama ntilie wa pale chini fidia ya kusogea kwa muda. Mwenye jengo la mamilioni hukunja uso zaidi kwa pesa hiyo kuliko kwa bei ya kiyoyozi.

Mtasema navutia kamba upande wangu, kwa sababu kamba na mwendeshaji ninayemtoa vinaongeza bili. Vinaongeza. Anayetaka mashine tupu anaipata duka la tatu kutoka kwangu kwa nusu ya bei, na hilo ndilo linaloniandikisha barua hii. Tuna Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi, Na. 5 ya 2003, na wakaguzi wa OSHA, wakala wa serikali wa usalama kazini, wapo, lakini hawawezi kukaa juu ya kila paa. Sisi wakodishaji tunaiona kila mashine ikitoka mlangoni. Tukikubaliana Gerezani nzima kwamba haitoki bila kamba yake na mtu anayeijua, kijana wa manila ya bluu hatakuwa na pa kukimbilia.

Maelekezo ya mashine hizi huja kwa Kiingereza au Kichina. Ya kwangu nimeyapaka rangi nyekundu juu ya sanduku: KILO 200. KAMBA MILIMITA 11 TU. MTU HAPANDI. Mwenzangu yeyote anayetaka kunakili aje, rangi iliyobaki ninayo.

Mkodishaji wa vifaa,
Gerezani, Dar es Salaam