Michezo ya Afrika isimezwe na soka mwaka 2027

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie Michezo ya Afrika, mashindano ya fani nyingi baina ya nchi za bara letu, ambayo hapa kwetu huwa habari ya wiki mbili kisha ikasahaulika, ilhali ni mashindano yaliyowahi kututoa Watanzania kimasomaso.

Yalipoanza Brazzaville mwezi Julai 1965, Muungano wetu ulikuwa na umri wa mwaka mmoja na miezi michache tu. Huko Theresia Dismas alipata medali ya fedha katika kurusha mkuki, na jina lake lastahili kutajwa mara nyingi zaidi kuliko linavyotajwa, kwani alishindana katika fani inayodai ufundi, vifaa na mwalimu, si pumzi peke yake.

Januari 1973 ikafika zamu ya Filbert Bayi. Akiwa na umri wa miaka 19, alishinda mbio za mita 1500 mjini Lagos mbele ya Kipchoge Keino, bingwa wa Brazzaville na wa Olimpiki ya Mexico ya 1968. Mwaka mmoja baadaye, katika Michezo ya Jumuiya ya Madola huko Christchurch, alishika uongozi tangu mwanzo, hakumpa mtu nafasi, akamaliza kwa dakika 3 na sekunde 32.16, rekodi mpya ya dunia. Hata John Walker aliyemfuata aliivunja rekodi ya zamani. Sidai kwamba Lagos peke yake ndiyo iliyomfikisha hapo, lakini kijana aliyekwisha kumshinda Keino haendi Christchurch kwa woga. Mwaka 1978 alitetea dhahabu yake Algiers, na mwaka 1980 yeye na Suleiman Nyambui wakaleta medali mbili za fedha kutoka Olimpiki ya Moscow. Hadi leo hatujapata nyingine ya Olimpiki.

Nafahamu kuna watakaosema kwamba ushindi wa Alphonce Simbu, aliyetwaa ubingwa wa dunia wa marathoni mjini Tokyo Septemba 2025, unathibitisha kuwa tunakwenda vizuri. Ushindi ule ulinifurahisha mno. Hata hivyo, mkimbiaji wa marathoni hukutana na vigogo wa dunia kila mwaka katika mbio za miji mikubwa, tena akalipwa. Mrusha mkuki, bondia wa ridhaa au mkimbiaji wa mita 400 wa kwetu hana mlango wa namna hiyo, na kwake Michezo ya Afrika ni mojawapo ya majukwaa machache makubwa anayoweza kuyafikia kabla ya Olimpiki. Tukiipuuza, tunamfungia yeye.

Michezo ijayo imepangwa kufanyika Misri mwaka 2027, mwaka uleule ambao sisi, Kenya na Uganda tutakuwa wenyeji wa AFCON, mashindano ya soka ya mataifa ya Afrika. Siipingi soka, ila nahofia kwamba fedha, kambi na masikio ya wakubwa vyote vitaelekea huko, na wanamichezo wengine wakusanywe wiki chache kabla ya safari.

Kwa hiyo nawaomba wanaosimamia michezo nchini watangaze sasa ni fani zipi tutashiriki Misri na viwango vya kufuzu kwa kila fani, ili walimu wanaowapeleka vijana UMISSETA, michezo ya shule za sekondari, wajue wanawaandaa kwa kipimo gani.

Msomaji wako,
Arusha