Barua kwa mwanangu uliyepewa darasa la kwanza

Mwanangu mpendwa,

Sisi huku Magu wazima, hofu ni kwako. Baba yako anakusalimu, ametoka shambani sasa hivi, anasema dengu mwaka huu zina matumaini.

Ujumbe wako nimeusoma. Umefika Maswa ukitegemea kupewa Hisabati la sita, mwalimu mkuu akakukabidhi la kwanza, na wenzako ofisini wakacheka kwamba mgeni lazima aanze na kufuta makamasi. Waache wacheke. Ila usiende kuomba kubadilishiwa.

Mimi niliingia la kwanza mwaka 1978, UPE, ule mpango wa elimu ya msingi kwa wote, ikiwa bado mbichi. Azimio la Musoma la 1974 lilitaka watoto wote wawe shuleni haraka, na walimu wa kutosha hawakuwepo. Ndipo wakachukuliwa vijana waliomaliza la saba, wakajifunza ualimu huku wanafundisha, kwa masomo ya posta na vipindi vya redio. Watu waliwasimanga sana: UPE, Ualimu Pasipo Elimu! Aliyenifundisha kusoma mimi alikuwa mmoja wao. Chaki ilikuwa haba, basi alitutoa nje, anatamka sauti, sisi tunaichora mchangani kwa kidole, anapita kumwangalia mmoja mmoja. Nilipokwenda Chuo cha Ualimu Murutunguru, kule Ukerewe, kusomea Daraja la A, cheti cha ualimu wa shule ya msingi, mkufunzi akaanza kutueleza habari ya zana za mazingira, yaani kufundishia kwa vitu vinavyopatikana pale pale ulipo, nikajisemea kimoyomoyo: hizi nazijua tangu utotoni.

Nilipoajiriwa niliomba la kwanza mwenyewe, na sababu ni hii. Mtoto asiyejua kusoma akifika la sita anashindwa mafumbo ya hesabu kwa kuwa swali lenyewe hajalisoma, na huyo mwalimu wa Hisabati unayemwonea wivu hana muda wa kurudi kwenye a, e, i, o, u. Hata serikali ililiona hilo. Mwaka 2015 masomo ya la kwanza na la pili yalipunguzwa, nguvu ikawekwa kwenye KKK: kusoma, kuandika na kuhesabu.

Sasa tuje kwenye kazi. Usifundishe herufi kwa majina yake. Ukimwambia mtoto "be" na "a", atakusomea "bea", na hatakuwa amekosea. Mpe sauti. Anza na irabu, kisha zile konsonanti zinazovutika mdomoni, kama m, uziunganishe polepole mpaka wapate ma, me, mi.

Halafu kuna r. Wengi wa watoto wako wametoka nyumbani na Kisukuma tu, na Kisukuma hakina sauti hiyo. Utaandika "rudi", darasa zima litakusomea "ludi". Usicheke, na usiwaite wazito. Mimi huwapa mchezo: natamka maneno mawili, "kula, kura", mara nyingine narudia neno lile lile. Wakisikia tofauti wanasimama, wakisikia sawa wanabaki wamekaa. Mwanzoni wanachungulia jirani kafanya nini, kwa hiyo nawafumbisha macho. Hakuna daftari wala penseli hapo. Sikio likishazoea ndipo naandika ubaoni, na ulimi nao unafuata, ingawa kuna watakaokusomea "ludi" mpaka wanamaliza la pili. Kama anaelewa anachosoma, songa mbele naye.

Wingi wa watoto usikutishe. MMEM, yaani Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, ilipoanza mwaka 2002, ada ikiwa imeondolewa, walimiminika mpaka sakafu ikajaa, wengine wameanza kuota ndevu wamekaa na wa miaka saba. Hao wakubwa niliwafanya viongozi wa vikundi, kila mmoja na vizibo vyake vya kuhesabia, na aibu ikawatoka. Daftari usisahihishie ofisini. Pita kwenye madawati wakiwa wanaandika, maana kosa la mwandiko liko kwenye mkono, na mkono hauji na daftari. Utamkuta mwingine ameshika penseli kama mwiko wa ugali. Mgeuzie vidole pale pale.

Fimbo iache. Kanuni zinampa mwalimu mkuu, au yule aliyemwidhinisha kwa maandishi, na hata yeye hatakiwi kuvuka viboko vinne. Lakini mimi hata kanuni zisingekuwepo ningekukataza. Mtoto wa la kwanza akichapwa kwa kukosa "ba", kesho hafungui mdomo, nawe utamjuaje amekwama wapi?

Andalio la somo liandike kila siku, afisa elimu kata hatangazi siku ya kuja.

Jumamosi nitampa kondakta wa basi mfuko: vizibo vya soda nimeviosha vyote, kuna vijiti vilivyofungwa kumi kumi, na manila nyeupe, zile karatasi ngumu. Hizo manila ukizifikisha ofisini zitaishia kwenye ratiba ya mitihani, kwa hiyo zikate kadi za silabi ukiwa nyumbani.

Ni mimi,
Mama yako