Kwa nini nyuso zile zina ukijani

Rafiki yangu mpendwa,

Salamu nyingi. Kwa kuwa unaelekea New Haven, usiondoke bila kuingia jumba la sanaa la Chuo Kikuu cha Yale. Mwaka 1871 chuo kilinunua kwa mnada, kwa dola 22,000, picha 119 ambazo James Jackson Jarves, Mmarekani mkusanyaji wa sanaa, alikuwa ameziweka rehani, nyingi zikiwa za Kiitaliano. Hakutokea mnunuzi mwingine.

Katika picha hizi za kale za Kiitaliano, zilizochorwa juu ya mbao, utakuta nyuso zenye ukijani, kama za wagonjwa. Mchoraji hakukusudia hivyo. Ubao ulipakwa gundi ya ngozi na jasi. Cennino Cennini, mchoraji wa Kiitaliano aliyeandika maelekezo ya kazi hii karibu mwaka 1400, anataka jasi laini ipakwe angalau mara nane. Uso ulianza na matabaka mawili ya udongo wa kijani uliotiwa rangi nyeupe ya madini ya risasi. Juu yake zikaja rangi tatu za waridi, kwa vistari vyembamba mno, maana rangi iliyochanganywa na kiini cha yai hukauka upesi na haisubiri uichanganye ubaoni. Hata yai huchaguliwa: kiini cheupe cha kuku wa mjini kwa uso wa kijana, chekundu cha kuku wa shamba kwa uso wa mzee.

Waridi hiyo ni nyembamba sana. Ukiondoa vanishi kuukuu kwa dawa kali, nayo inatoka, kijani kinabaki. Miaka ya 1950 na 1960 wahifadhi wa Yale waliondoa karibu kila kilichoongezwa na mafundi wa baadaye, mapengo yakaachwa wazi. Kwangu mimi walivuka mpaka, na baadhi ya picha ilibidi zishughulikiwe upya.

Ukifika, simama ubavuni mwa picha, usikae mbele tu. Kwa mwanga wa pembeni utaona ubao uliopinda na nyufa za jasi zinazofuata nyuzi za mti. Kwenye dhahabu tafuta mistari inayokutana kama miraba: hapo karatasi moja nyembamba ya dhahabu imepandia nyingine. Palipong'aa wekundu, dhahabu imelika na udongo mwekundu uliopakwa chini yake umetokeza. Joho la Bikira Maria likionekana jeusi, huenda lilikuwa la buluu, ila vanishi na uchafu vimenasa kati ya chembe kubwa za rangi hiyo.

Hawatozi kiingilio, kwa hiyo rudi siku ya pili uangalie dhahabu peke yake.

Wako akupendaye