Kabla ya kumhukumu Kezilahabi, someni vitabu vyake

Mhariri,

Gazeti lenu nimelisoma tangu nikiwa mwalimu kijana na sijawahi kuwaandikia, hata pale mlipotushusha nafasi kwenye orodha ya matokeo na shule nzima ikanuna. Lakini ile makala ya ukurasa wa utamaduni, iliyodai kwamba Euphrase Kezilahabi, mwandishi wetu wa riwaya na mashairi, aliua ushairi na kuwafundisha vijana kukata tamaa, imenishinda kuinyamazia.

Mwandishi wenu anarudia mashtaka ya miaka ya sabini kana kwamba kayagundua yeye. Kichomi, kitabu chake cha mashairi, kilipotoka mwaka 1974, waliolelewa na kitabu cha Amri Abedi, Sheria za Kutunga Mashairi, walisema kisicho na vina na mizani si shairi. Ulikuwa ubishi wa haki, na waliobisha kitabu walikuwa wamekishika mkononi. Kezilahabi alikwisha kujieleza kwenye utangulizi wake: alitaka ushairi utumie lugha wanayoongea watu kila siku. Mkatalie ukitaka. Mimi mwenyewe ni mtu wa tenzi, na yamo humo mashairi ambayo kwangu yamelegea. Lakini mtu akikataa shairi huonyesha ni mstari gani umemchukiza. Makala yenu haikugusa hata mmoja. Na Ebrahim Hussein, Mulokozi na Kahigi, ambao nao walitunga mashairi huru, mbona hawakuitwa kizimbani?

Tuje kwenye riwaya. Kazimoto wa Kichwamaji anajiua, Rosa wa Rosa Mistika anajiua, Tumaini wa Dunia Uwanja wa Fujo ananyongwa. Mhakiki wenu kahesabu maiti, kisha kahitimisha kwamba mwandishi alikuwa mtu wa huzuni zake asiyeijali jamii. Gamba la Nyoka ya mwaka 1979 kaiweka wapi? Riwaya nzima inahusu watu kuhamishiwa vijiji vya ujamaa, halafu tunaambiwa aliyeiandika hakuijali jamii! Na Rosa Mistika (1971) ndiyo inayoonewa kuliko zote. Ilipigwa marufuku shuleni eti inafundisha uasherati, baadaye ikarudishwa na watoto wakatahiniwa kwayo, na leo bado mtu mzima anaandika kwamba ni hadithi ya binti mhuni. Baba yake je? Zakaria mlevi, anayempiga mkewe Regina, anayemcharaza binti kwa sababu ya barua ya mvulana, yumo tangu mwanzo wa kitabu, wala hajajificha. Kezilahabi anauliza binti aliyefungiwa namna ile, siku akitoka kwenda kusoma mbali, amepewa silaha gani ya kujilinda na wakubwa wanaomvizia. Swali hilo linawahusu akina baba, ndiyo maana akina baba wanapenda kuzungumzia uhuni wa Rosa.

Mwaka mmoja niliitwa kuwa mmoja wa waamuzi wa mashindano ya mashairi ya shule za sekondari. Msichana wa kidato cha tatu akasoma shairi lake, halina vina, linamhusu mama anayeuza dagaa mwaloni. Wenzake walishangilia mpaka mgeni rasmi akaacha simu yake. Mwamuzi mwenzangu akamwandikia sifuri na kuninong'oneza, "Huyu kaambukizwa Kezilahabi." Nikamwuliza amesoma kitabu chake kipi. Akanijibu bila aibu: "Nimesoma mwongozo, Mwalimu."

Hiyo miongozo nayo! Nenda stendi yoyote uone ilivyopangwa, mingine imerudufiwa hadi herufi zimekufa. Uliza riwaya yenyewe, muuzaji atakushangaa: ya nini, na majibu yote yamo humu? Mtoto anakariri fani na maudhui, dhamira, ujumbe, na chini ya "falsafa ya mwandishi" anaandika kwamba Kezilahabi anaamini maisha hayana maana. Anapata alama zote. Anakwenda chuo, anaajiriwa, na siku moja anapewa ukurasa wa utamaduni. Walimu wenzangu tunaijua biashara hii vizuri sana, maana baadhi yetu ndio tunaoiandika, na ada za watoto zinalipika.

Kuhusu Nagona (1990) na Mzingile (1991) makala ilisema tu kwamba havieleweki, ikapita. Ni vitabu vyembamba, mtu mwenye Jumamosi moja anaweza kuvisoma na kuvirudia. Mashairi yake yalifasiriwa na kuchapishwa Marekani mwaka 2015 akiwa hai. Alipofariki Januari 2020 tukamwita gwiji kwenye taazia, na sasa tumerudi kulekule, yule mtu wa Ukerewe, kisiwani Ziwa Victoria, aliyewaharibia wenye lugha yao. Kama shida ni kwamba alitoka bara, si pwani, semeni bara, tuwajue.

Pendekezo langu ni dogo. Anayeleta makala ya uhakiki aje nayo pamoja na kitabu chenyewe. Wewe mhariri kifungue katikati, soma aya moja, mwulize kinachofuata. Akishindwa, mpe safu nyingine, ila si ya michezo, maana huko ukichambua mechi ambayo hukuitazama mashabiki wanakufuata mpaka nyumbani. Kama ofisini kwenu kitabu hakipo, nakala yangu ya Gamba la Nyoka ninayo, jalada limeng'oka lakini kurasa zimetimia. Nitawaazimisha kwa saini ya mhariri mwenyewe, si ya katibu muhtasi.

Mwalimu mstaafu wa Kiswahili,
Bunda