Vyuo vifundishe kazi ya kompaila

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nieleze jambo linalonisumbua kila ninapokutana na vijana wanaosoma kompyuta. Wengi wameaminishwa kwamba programu ikishagawiwa viini vinne au vinane vya prosesa, yaani sehemu zinazokokotoa kwa wakati mmoja, kasi itakuja yenyewe. Sivyo.

Tuchukue hesabu ya mizigo milioni moja ya korosho: uzito wa kila mzigo uzidishwe kwa bei, makato yaondolewe, kisha yote yajumlishwe. Katika lugha ya programu ya kifunksheni kama Haskell, ambayo hujengwa kwa funksheni (kanuni zinazopokea thamani na kurudisha jibu), kila hatua huandikwa peke yake, na kwa kuwa funksheni safi haibadilishi chochote nje yake, mizigo inaweza kugawanywa bila kiini kimoja kuvuruga kazi ya kingine. Hata hivyo, hesabu hiyo ikitekelezwa hatua kwa hatua, mbili za mwanzo zitaacha kila moja orodha nzima kwenye kumbukumbu. Hata zikipangwa kwa kubana, nambari milioni moja za baiti 8 ni megabaiti 8, zinazoandikwa ili zisomwe mara moja tu na kutupwa. Viini vyote vinachota kwenye kumbukumbu ileile, hivyo husubiriana kama ndoo kwenye bomba moja la mtaa.

Kompaila, yaani programu inayogeuza tulichoandika kuwa maagizo ya kompyuta, ikiwa nzuri huziunganisha hatua hizo tatu ziwe mzunguko mmoja unaomaliza kila mzigo kwa mpigo, na orodha za katikati hazizaliwi kabisa. Mtaalamu wa lugha za programu Philip Wadler alieleza namna ya kuziondoa mwaka 1988. Leo lugha ya Futhark, iliyobuniwa Chuo Kikuu cha Copenhagen nchini Denmark, hutumia muunganisho wa aina hiyo kutengeneza programu za prosesa za grafiki. Ni kazi ya akili nyingi, na inanisikitisha kwamba vijana wetu hawaioni.

Niliwahi kuletewa programu na mwanafunzi aliyekuwa ameunda kazi mpya kwa kila nambari moja. Kwenye viini vinne ilikwenda polepole kuliko kwenye kimoja, kwa sababu kuipanga kila kazi kulichukua muda mrefu kuliko kuikokotoa, naye alidhani kompyuta yake ni mbovu. Tulipoweka nambari elfu kumi katika kila kipande, kasi ilionekana.

Naviomba vyuo vyetu, vinapopitia mitaala, visiishie kwenye kuandika kwa mkono nyuzi (mikondo ya kazi inayokwenda sambamba) na kufuli (za kuizuia isivurugane), bali vimpe mwanafunzi angalau muhula mmoja wa kufungua kile kilichotolewa na kompaila na kuhesabu orodha zilizobaki ndani yake.

Mwalimu wa programu,
Morogoro